Kila Njia ya Moyo wa Mjomba

Tarehe 4 Februari

Chura wangu,

Salamu nyingi, na baada ya salamu pole kwa baridi ya huko, ambayo mama yako anaisimulia kila Jumapili kana kwamba yeye ndiye anayevaa soksi mbili mbili. Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako hajambo, sauti yake ni ile ile, majirani wanaamkia kwayo. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kabati langu la rangi, na mtoto mmoja ana mgongo wa kijani ambao umegoma kutoka.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu ya nyumba hii ni mkutano wa hadhara. Ikilia tu, mkaza mjomba wako anaiweka spika, mama yako anasogeza kiti, na kila mtu anatoa hotuba. Mengine yanataka karatasi.

Kazi inaendelea. Nimemaliza bango la duka la viatu pale kona, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, na mwenye duka amelisifu mpaka nikaona haya. Siku hizi napokea zaidi kazi za chini: milango, vibao vya mezani, namba za nyumba. Mabango ya juu nimeyachoka kidogo. Ngazi yenyewe imezeeka.

Sasa, mama yako anasema unasomea moyo wa binadamu kwa kompyuta. Wewe! Wewe uliyezimia darasani kwa kuonyeshwa chura aliyepasuliwa, ukarudi nyumbani na jina! Nieleze vizuri, maana pale duka la rangi wananiuliza, nami nawajibu kwa kutia chumvi. Nimeshawaambia unatengeneza mioyo.

Na jambo dogo. Nina rafiki yangu, mchora mabango mwenzangu, humjui. Daktari amemwambia atiwe kifaa kifuani, kama kiberiti hivi, cha kuukumbusha moyo kupiga. Anauliza kama vitu hivyo vinaaminika. Hana haraka, ni kuuliza tu.

Ni mimi mjomba wako,
Brashi

Tarehe 27 Februari

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima, soksi ni tatu, mwambie Mama asahihishe. Chumba changu ni kile kile, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na ukuta huo hauna hata tangazo moja. Ungekuwa hapa ungeshaomba kibali. Mpe mkaza mjomba shikamoo yangu. Umwambie naisikia sauti yake hata simu ikiwa imezimwa.

Duka la rangi uwaambie hivi. Chukua karatasi, chora viduara. Kiduara kimoja: chumba cha juu cha moyo kimepiga. Kingine: chumba cha chini kinangoja zamu yake. Kingine: cha chini nacho kimepiga, sasa kinapumzika. Halafu chora mishale ya kutoka kiduara hadi kiduara, na kila mshale uuandikie masharti: usipite kabla ya muda huu, usichelewe kupita ule. Huo ndio moyo wangu, Mjomba, hauna damu hata tone, ndiyo maana sizimii. Kisha nakichora kifaa vivyo hivyo, na viduara vyake na mishale yake, halafu nawakutanisha ndani ya mashine. Mmoja akipiga, mwenzake anasikia.

Njia hizi watu wa kompyuta walikuwa nazo zamani kwa kukagua programu za treni na ndege. Mtu akijaribu kitu mara elfu na kisiharibike, anabaki kutumaini. Sisi tunaiambia mashine ipite kila njia iliyomo kwenye mchoro, hata zile za kipuuzi ambazo hakuna mtu angezifikiria. Tunaiandikia kanuni, kwa mfano: siku zote, moyo ukinyamaza kupita kiasi, kifaa kitaupigia. Mashine inajibu ama ndiyo, kanuni imeshika kila mahali, ama hapana, na hii hapa njia ya kuivunja, hatua kwa hatua.

Nimekutungia na wewe kanuni: siku zote, Mjomba akipanda ngazi, hatimaye atashuka, na atashuka kwa miguu. Mama ameniambia siku ya bango la viatu ulishuka kwa mgongo, ukapokelewa na ndoo. Wewe umeniandikia kwamba ngazi imezeeka.

Kuhusu rafiki yako asiye na haraka. Nina swali moja tu. Mbona yeye anaugua moyo, halafu wewe ndiye unayechora milango?

Mpwa wako,
Chura

Tarehe 15 Machi

Chura,

Sisi hatujambo. Mtoto wa paka wa kijani amechukuliwa na mwalimu wa jirani, na mimi nimetia bango mlangoni kwake bure, maana nilijisikia kama nimeoza binti. Mama yako ameanza kufuma sweta lako, mkono mmoja umeshafika magotini. Usimwambie nimesema.

Nami nimejifunza kutunga. Sikiliza: siku zote, mpwa akiulizwa habari za mchumba, hatimaye atajibu. Nimekagua barua zako zote na za mwaka jana. Kanuni imevunjika kila njia.

Haya, ni mimi. Hakuna rafiki. Nilitaka kuona kama utakuwa mpole zaidi kwa mtu usiyemjua kuliko utakavyokuwa kwangu, na kumbe huna upole kwa yeyote.

Ngazi haikuteleza. Nilikuwa nachora herufi ya mwisho, nikasikia kama mtu amepunguza taa, na baada ya hapo nikasikia mkaza mjomba wako ananiita kutoka mbali, ingawa alikuwa amenipakata. Daktari wa moyo ameniwekea nyaya kifuani, akasema vyumba vyangu vya juu vinapiga vizuri kabisa, ila habari haifiki chini. Anasema pengine inafika, pengine inakatika njiani, na vya chini vikikaa bila habari, vinasinzia. Hana dawa ya kumeza. Anataka kunitia kiberiti.

Mimi si mwoga, unanijua. Nimechora ghorofa ya tano nikining'inia kwa kamba huku nakula yai. Lakini ile ilikuwa kamba, naiona, naivuta, najua nani ameifunga. Hiki kitakuwa ndani, kinaamua chenyewe, na mimi sitajua kimeamua nini.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, siyo daktari. Wewe ndiye unayepita kila njia. Ungekuwa mimi, ungekitia? Ndiyo au hapana. Usinizungushe.

Brashi

Tarehe 2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta salama na chini, yaani miguu yako ikiwa sakafuni. Huku baridi imepungua. Mwenye nyumba amepaka ukuta wa ngazi rangi ambayo ungeikataa mbele ya watu. Profesa wangu hajambo, bado anapoteza miwani ikiwa usoni. Mchumba hayupo, na kanuni yako ina kasoro: hukusema atajibu kweli.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Asante kwa kuniambia.

Kifaa chenyewe kinasikiliza chumba cha juu. Cha juu kikipiga, kifaa kinangoja kidogo kuona kama cha chini kitaitikia. Kisipoitikia, kifaa kinakipigia. Ni mjumbe tu, kinapeleka habari pale ilipokatika njia. Katika mchoro wangu nimeshathibitisha kanuni ile ya kwanza, kwamba hakitauacha moyo ukanyamaza. Kanuni ya pili ndiyo iliyonipa kazi, ile ya kwamba hakitausukuma upige mbio bila sababu. Mashine ilinirudishia njia moja mbovu, nami nakuandikia hapa uone kazi zetu zinavyokuwa.

Chumba cha chini kikapiga kabla ya zamu yake. Pigo likapanda juu badala ya kuishia chini. Kifaa kikasikia huko juu, kikadhani chumba cha juu kimepiga chenyewe. Kikangoja kidogo, kikakipiga cha chini, kama kilivyoagizwa. Pigo likapanda tena juu. Kifaa kikasikia tena, kikakipiga tena, na kuanzia hapo hakuna mshale wa kutokea, ni kuzunguka tu, mbio mbio. Kwa ufupi, kifaa kinaitikia mwangwi wake mwenyewe, kama mkaza mjomba alivyofanya kwenye lile ghala tupu mwaka ule, akagombana nao.

Hiyo ni kwenye mchoro wangu, kwa mipangilio niliyoiweka mimi.

Usipande ngazi. Hata ya jikoni.

Chura

Tarehe 20 Aprili

Chura,

Wote wazima. Mkaza mjomba wako anasema ule mwangwi ndio ulioanza.

Nina kisa cha kukuvunja mbavu, halafu nina ugomvi na wewe. Naanza na kisa.

Nilikwenda kwa daktari wa moyo na barua yako mfukoni. Nimevaa shati la harusi. Nikakaa, nikamwekea ile karatasi mezani, nikamwambia kwa adabu zote, "Daktari, usihangaike na nyaya leo. Moyo wangu umeshakaguliwa na mpwa wangu kwa kompyuta, njia zote, na ugonjwa ndio huo."

Akasoma. Akarudia kusoma. Akaniuliza, "Mzee, kifaa ulitiwa lini?"

"Bado sijatiwa."

"Sasa huu ni ugonjwa wa mtu mwenye kifaa. Umeupata wapi?"

"Kwa posta," nikasema.

Mpwa wangu, yule mtu alivua miwani akalalia meza. Akafungua mlango akamwita nesi, akamwita na daktari mwingine, akawasomea. Nikaona nimeshatumbukia, nikakaza uso, nikasema mpwa wangu hakosei. Akanishika bega akaniambia, "Mzee, umekuja na ugonjwa wa kuazima. Urudishe kwa mwenyewe, tutibu wa kwako."

Kumbe nilivyoelewa mimi, ule ulikuwa moyo wangu. Wewe umeandika "kwenye mchoro wangu", mimi nimesoma "Mjomba". Nimekesha na ugonjwa usio wangu, nikihesabu mbio ambazo sikuwa nazo. Daktari anasema mzunguko huo wanaujua siku nyingi, na ndiyo maana baada ya kila pigo kifaa huzibwa masikio kidogo kisisikie ya juu. Amesema pia huyo mpwa anafikiri vizuri, kazi ikiisha angependa kuisoma. Nikamjibu kwamba ni sisi tuliomlea.

Sasa ugomvi. Nilikuuliza ndiyo au hapana. Ukaniandikia habari za ukuta wa ngazi, miwani ya profesa, na mwangwi. Wewe ambaye tangu ukiwa mdogo hivi ukiulizwa kitu unajibu kabla swali halijaisha! Umekausha. Na mimi namjua mtu anayekausha, mimi mwenyewe nilikutungia rafiki.

Nimepewa nafasi hospitalini mwanzoni mwa Juni. Juzi nilikaa kitako ndani ya sinia la rangi ya bluu, na sikukaa kwa kupenda. Mkaza mjomba wako hajapiga kelele hata kidogo. Amenifuta kimya kimya, na hilo ndilo lililonitisha.

Nakwambia hivi: bila neno lako sitakwenda. Sikiliza na hii, siku zote, mjomba akikuuliza, hatimaye utajibu. Nangoja.

Brashi

Tarehe 29 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe. Naandika kwa haraka ili ifike kabla ya Juni kuanza kuzeeka, na huenda nimeshachelewa. Mama naye siku hizi ananikatia simu, kila nikipiga anasema ana kitu jikoni. Mkaza mjomba hapokei. Nikajua mmenikasirikia nyote, na mna haki.

Nitakwambia nilikuwa wapi muda wote huu. Nilikuwa na wewe. Mwezi wa nne nilimwomba Mama anipigie picha karatasi zako zote za hospitali, usimgombeze, nilimlilia. Nikauweka pembeni ule moyo wa kila mtu, nikaanza kuchora wa kwako. Nilitaka nikujibu kwa uhakika. Nilitaka mashine iseme ndiyo, halafu mimi nikunong'oneze ilivyosema.

Mjomba, hukuchoreka. Nikaweka kwamba habari inakatika njiani, sawa. Nikaweka kwamba haikatiki kila mara, viduara vikaongezeka maradufu. Nikaweka kwamba unapanda ngazi, kwamba unashuka, kwamba unasema umeshuka kumbe uko juu. Nikaweka chai yako nyeusi. Nikaweka siku unayogombana na mteja. Kila tabia moja nikiiongeza, njia zinazaana kupita sungura, hata kuliko paka wako, mpaka mashine ya chuo kizima ikajaa, ikakwama, na wenzangu wakaja kuuliza nani ameizima. Profesa akasoma mchoro akaniuliza, "Huyu mgonjwa ni mmoja au ni ukoo?" Nikamwambia ni mjomba wangu. Akavuta kiti, akasema tunachokijua sisi ni mchoro, na mchoro ukiwa mkubwa kama mtu, hakuna mashine ya kuumaliza. Akaniambia nirudi nyumbani nikale.

Sikurudi. Nilianza upya, nikapunguza hiki, nikafuta kile, na kila nilichokifuta nikaona nimekufuta wewe.

Mjomba, sikukausha kwa sababu najua jambo baya. Nilikausha kwa sababu sijui. Nimezoea kutosema kitu mpaka nimekithibitisha. Nikikwambia ndiyo, na wewe ukaenda kwa neno langu, na ile njia moja ambayo sikuipita ikawa ndiyo yako, nitaishi vipi? Nitamtazama vipi Mama? Niliogopa, basi. Niliogopa kuliko siku ya yule chura.

Lakini nimejiuliza swali la upande wa pili, ambalo kwa aibu yangu sikulianza nalo. Bila kifaa kuna njia ngapi za wewe kudondoka? Hilo halikuhitaji mashine.

Kwa hiyo nakujibu bila uthibitisho wowote, kama mtu yeyote barabarani. Ndiyo. Ndiyo, Mjomba. Kitie. Kikiharibika, uniseme mimi, nimekubali. Nenda.

Chura wako

Tarehe 9 Juni

Chura wangu,

Salamu zetu zote. Ukiona herufi zimelala upande, usishtuke, naandika kitandani na mkaza mjomba wako amenikataza kuegemea. Unajua mimi ni wa mkono wa kushoto, basi daktari alipojua kwamba mkono huo ndio unaolisha jiko letu, akakitia kiberiti upande wa kulia. Nimeambiwa mkono wa kulia nisiuinue juu ya bega kwa muda, na mabango ya juu nisiyafikirie kabla hajaniruhusu. Nimekubali. Nimekuwa mtu wa kukubali kubali tu.

Ndiyo, kimeshatiwa, tangu katikati ya Mei. Mtu mmoja aliahirisha, nafasi ikapatikana, wakanipigia asubuhi, mchana nikaenda. Mama yako na mkaza mjomba wako niliwaapisha wasikwambie mpaka nipone nikuandikie mwenyewe. Mama yako ameuma ulimi kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na imemgharimu, amechoma sufuria mbili kwa kujitia yuko jikoni. Taa haijapunguzwa tena. Nikipanda ngazi ya ndani nasikia pigo, pigo, pigo, bila kukosa, na mkaza mjomba wako ameanza tena kupiga kelele. Nimefurahi mpaka nimeona haya.

Nilikwambia bila neno lako sitakwenda. Nilisema kwa hasira na kwa woga, na nilikosea. Baadaye mama yako akanisomea ujumbe wako, kwamba huli, unalala kwenye kiti cha maabara, na umeomba karatasi zangu. Nikamuuliza, anazitaka za nini? Akasema, anataka kukujibu. Chura, nilikaa chini. Niliona nimepanda juu kabisa halafu nimekwambia wewe ndiye unishikie ngazi, na wewe uko nchi nyingine.

Kwa hiyo sikungoja. Nilikwenda makusudi kabla hujajibu. Kama ningefia pale mezani, mama yako angelia, mkaza mjomba wako angelia, lakini hakuna hata mmoja ambaye angeweza kusema wewe ndiye uliyeniambia niende.

Barua yako imefika jana. Mama yako ameizunguka mchana kutwa kama nzi, nikaificha chini ya mto. Sikuifungua, wala sitaifungua. Nakurudishia ndani ya bahasha hii, gundi yake haijaguswa, ikague ukitaka. Ukiwa umeandika ndiyo, hukuniambia. Ukiwa umeandika hapana, hukuniambia. Kiberiti hiki kikiishi au kikigoma, kikigoma kesho au mwaka wa ishirini kutoka sasa, neno lako halikuwemo. Ni mimi niliyetia sahihi, kwa mkono wangu wa kushoto, na herufi zangu unazijua.

Basi. Izime hiyo mashine, ukale.

Mjomba wako,
Brashi